Tuachieni Daftari: Barua ya Wazi kwa Wanaoongoza Kaunti Zetu na Wanaojiandaa Kuziongoza

Kwa Waheshimiwa magavana wa kaunti zote 47 za Kenya, wawakilishi wadi, mawaziri wa kaunti wa fedha na mipango, na ninyi nyote mtakaokuja kutuomba kura Agosti 2027.

Waheshimiwa, nawasalimu kwa heshima.

Mimi ni katibu wa kamati ya maji katika kijiji kimoja cha bara ya Pwani, mbali na bahari, sehemu ambazo mvua ikikosa misimu miwili watu huanza kuhesabu mbuzi waliobaki. Nilichaguliwa mwaka 2014 kwa sababu naandika upesi na mwandiko wangu unasomeka. Tangu siku hiyo, kila kikao tulichokaa, kiwe cha kijiji au cha kaunti, nimekiandika katika daftari lenye jalada gumu, lile ambalo wenye maduka huandikia madeni. Sasa niko katika daftari la tatu. Barua hii inahusu madaftari hayo. Naiandika mapema kwa makusudi, maana kampeni zikishapamba moto hakuna mwenye nafasi ya kusikiliza jambo la namna hii.

Mwishoni mwa 2022, miezi michache baada ya uchaguzi, maafisa watatu wa kaunti walikuja kwenye uwanja wa shule iliyo karibu na makao makuu ya wadi yetu. Walikuja kuchukua maoni ya mpango wa maendeleo wa miaka mitano, ule wa 2023 hadi 2027. Nililipa bodaboda shilingi 300 kwenda na kurudi. Akina mama wawili tuliotoka nao kijiji kimoja walitembea. Tulipoketi, kijana aliyeongoza kikao, mtu mwenye adabu sana, akatuuliza: "Wananchi, mna mahitaji gani?"

Mzee mmoja aliyekuwa mbele akainuka kwa kuegemea fimbo yake. Akamsalimu, akamshukuru kwa kufika, kisha akamwuliza taratibu: "Mwanangu, yale tuliyowaambia mara ya mwisho mliyaweka wapi?"

Kijana hakuwa na jibu, nami simlaumu. Aliyekuwa kwenye kazi yake kabla yake alikuwa amehamishwa. Waziri wa maji wa kaunti aliondoka na gavana wake. Mwakilishi wadi wetu aliangushwa kwenye kura. Meza nzima ile haikuwa na mtu hata mmoja aliyekuwapo Februari 2018, tulipoitwa kwenye uwanja huo huo kutoa maoni ya mpango uliotangulia. Sisi tulikuwapo karibu wote, ukiondoa waliotangulia mbele ya haki.

Nikafungua daftari la kwanza, nikasimama, nikawasomea. Bwawa lichimbwe katika bonde la chini, si juu karibu na barabara, kwa sababu maji ya mvua hukimbilia bondeni na udongo wa kule ni mfinyanzi. Njia ya mifugo ya kwenda majini ipimwe na iwekewe alama, isije ikaingizwa kwenye shamba la mtu. Zahanati ijengewe nyumba ya muuguzi, ili mama akishikwa na uchungu usiku asikute kufuli. Chini yake kulikuwa na majina ya waliosema, na idadi yetu siku ile: watu 61, wanawake 34.

Kijana akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa simu, akaomba ruhusa, akapiga picha kurasa zangu mbili.

Nilirudi nyumbani na furaha na uchungu pamoja. Furaha, kwa kuwa maneno ya wazee yalikuwa yamehifadhiwa mahali. Uchungu, kwa kuwa serikali nzima ya kaunti, yenye idara, magari na kompyuta, ilikuja kuyapata kwa katibu wa kamati ya maji. Nikajiuliza: vijiji ambavyo katibu wao alifariki, au daftari lao lililowa mvua, vitasoma wapi?

Acheni niwaeleze kilichotokea kwa yale mambo matatu, maana hapo ndipo gharama yake inapoonekana.

Bwawa lilichimbwa mwaka 2019. Lilichimbwa juu, karibu na barabara. Tuliambiwa mashine haingeweza kushuka bondeni, na wazee wakasema inaweza, wakaonyesha njia ambayo malori ya makaa yalikuwa yakipita. Hakuna aliyerudi kuangalia. Siku ya kulifungua palikuwa na viti, hema na hotuba. Masika ya kwanza likashika maji ya kufika magotini, na udongo wa pale ni mchanga, ukayanywa yote kabla ya miezi miwili. Kisha ukaja ukame ambao hakuna mtu wa nyanda kame atakayeusahau: kuanzia mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha katika sehemu kubwa ya maeneo kame ya Kenya. Bwawa letu likawa kiwanja cha watoto kuchezea mpira. Akina mama tukarudia kutoka nyumbani saa kumi za usiku na mitungi, na punda wakaanza kuanguka njiani. Ng'ombe wa jirani yangu walikuwa 14. Walipoisha aliuza mabati ya nyumba ya mwanawe.

Halafu mwishoni mwa 2023 zikaja mvua za El Niño. Maji yalishuka yote kwenye bonde la chini, pale pale wazee walipoonyesha kwa fimbo zao, yakakaa pale kwa wiki kadhaa yakimetameta, kisha yakapasua njia yakaenda zake. Tulisimama juu ya kilima tukayatazama.

Njia ya mifugo haikupimwa. Sehemu yake imezungushiwa seng'enge, na mwaka juzi vijana wawili karibu wauane kwa mapanga kwa ajili yake.

Nyumba ya muuguzi ilianza kujengwa mwaka 2021. Ilifika kwenye linta, ile boriti ya juu ya milango na madirisha. Uchaguzi ukapita, uongozi ukabadilika, mkandarasi akaondoka na mbao zake za kupanda, na tangu hapo mbuzi hulala humo. Nilipouliza ofisini nikaambiwa ule ulikuwa mradi wa mtu wa zamani. Waheshimiwa, neno hilo limenikaa kifuani. Ukurasa wa daftari langu unaonyesha kwamba aliyeiomba nyumba ile ni mama aliyepoteza mjukuu kwenye mlango uliofungwa. Ni mradi wake yeye. Gavana wa zamani alimkubalia tu.

Sikuiacha hasira yangu ikae bure. Niliomba vijana wa chuo wanisaidie kutafuta sheria, tukazisoma usiku kwa usiku, wao wakinitafsiria. Nilichokuta kilinishangaza, kwa kuwa sheria iko upande wetu kuliko nilivyodhani.

Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 inataja ushiriki wa wananchi katika kifungu cha 10, kati ya maadili ya taifa. Kifungu cha 174 kinasema ugatuzi uliletwa ili watu wajitawale na washiriki katika maamuzi yanayowagusa. Kifungu cha 196 kinalibebesha bunge la kaunti wajibu wa kuwashirikisha watu, na cha 201 kinataka uwazi na ushiriki wa umma katika mambo ya fedha. Orodha ya Nne ya Katiba hiyo inakwenda mbali zaidi: inaipa kaunti kazi ya kuzisaidia jamii zipate uwezo wa kuendesha mambo yao zenyewe. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inasema fedha za umma zisitengwe nje ya mpango. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 53, inataka kila kijiji kiwe na baraza lake: msimamizi wa kijiji pamoja na wazee wasiopungua watatu wala kuzidi watano, wakiidhinishwa na bunge la kaunti, na jinsia zote zizingatiwe. Ni zaidi ya miaka kumi sasa, na kaunti nyingi bado hazijayaunda mabaraza hayo. Kwetu tunamtegemea mzee wa mtaa aliye chini ya chifu, naye chifu ni wa serikali kuu.

Mahakama nayo imekwisha kusema. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta sheria ya fedha ya kaunti ya Kiambu kwa kukosa ushirikishaji wa kutosha, na jaji akaeleza kwamba watu wafuatwe pale wanapokutana: makanisani, misikitini, barazani, kwenye redio za lugha zao. Nilipolisoma jambo hilo nilifikiria tangazo la kikao cha wadi yetu lililotoka katika gazeti ambalo haliuzwi popote kati ya kijiji chetu na barabara kuu. Tulipata habari kwa kuwa kijana mmoja aliona picha ya ukurasa ule kwenye simu, siku mbili kabla.

Basi shida haiko kwenye sheria. Kwa jinsi ninavyoona mimi, shida iko katika kalenda, na hapa ndipo naomba muangalie kwa makini.

Uchaguzi wa 2022 ulifanyika tarehe 9 Agosti. Magavana wengi waliapishwa tarehe 25 Agosti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inataka mpango wa maendeleo wa mwaka ufikishwe kwenye bunge la kaunti si baada ya tarehe 1 Septemba. Hesabuni wenyewe: siku saba. Gavana mpya hajajua hata funguo za ofisi, mawaziri wake hawajateuliwa, bunge la kaunti linajipanga, na mpango wa mwaka mzima unatakiwa uwe mezani. Agosti 2027 itakuwa vivyo hivyo, tarehe 10 ikiwa ndiyo siku ya kura. Na nyuma ya mpango huo wa mwaka unakuja mpango mkubwa wa miaka mitano, 2028 hadi 2032, ambao utaandikwa mbiombio na watu ambao wengi wao watakuwa wageni ofisini.

Katika upenyo huo mdogo ndimo maneno ya vijiji hupotelea. Sidhani kuna mtu anayeyaficha. Yanapotea kwa sababu hayakuachwa mahali popote. Yamo kwenye kompyuta ya mshauri aliyemaliza mkataba, au kwenye simu ya afisa aliyehamishwa. Anayekuja anakuta meza tupu, kwa hiyo anaanza upya: wananchi, mna mahitaji gani?

Huku kwetu kazi hiyo tunaiita kuchukua maoni. Na maoni huchukuliwa kweli, hupandishwa kwenye gari na kwenda. Ninachokiomba kwenu ni kuyarudisha.

Naomba kila kikao cha kuchukua maoni kikiisha, nakala ya yaliyosemwa ibaki kijijini siku ile ile, imesainiwa na afisa na mwananchi mmoja mwanamume na mmoja mwanamke. Ikiwa ni karatasi ya mkono, sawa. Ibandikwe kwenye zahanati, shuleni, kwenye ukuta wa duka. Mpango ukishapitishwa, mrudi barazani na kutueleza: hili limeingia, hili halikuingia kwa sababu fedha hazitoshi, hili ni kazi ya serikali kuu. Mtu akiambiwa hapana kwa sababu inayoeleweka, anaweza kuivumilia. Kinachotuchosha ni kimya.

Na mrudishe kwa lugha tunayoijua. Mpango wa kaunti yetu wa 2023 hadi 2027 nilifunguliwa na mpwa wangu kwenye simu yake. Ni kurasa mamia, zote kwa Kiingereza. Katiba inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Sitegemei mtafsiri kitabu kizima. Ukurasa mmoja kwa kila wadi ungetosha, unaosema mradi gani, mahali gani hasa, mwaka gani, shilingi ngapi. Nasema mahali gani hasa kwa sababu tulitafuta wadi yetu katika kurasa zile kwa jioni mbili, tukaipata. Bwawa limeandikwa, ila bonde halikutajwa. Yaani kosa la 2019 linaweza kurudiwa kihalali kabisa, na mtu akituonyesha mpango atasema, si mliomba bwawa?

Nilijaribu njia ya kuuliza kwa maandishi pia. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 za kumjibu mwananchi. Niliandika barua nikiomba orodha ya miradi ya wadi yetu, iliyokamilika na iliyokwama. Siku 21 zikapita, nikaandika ya pili, mwishowe nikajibiwa kwa mdomo kwamba faili linatafutwa. Najua wako maafisa wanaofanya kazi katika mazingira magumu, mishahara ikichelewa na fedha kutoka Nairobi zikichelewa. Lakini orodha ya miradi iliyokwama haihitaji fedha ya Nairobi.

Wengine watasema, na wana hoja, kwamba gavana mpya amechaguliwa kwa ahadi zake, kwa nini afungwe na daftari la wakati wa mwenzake? Kura ina haki yake, nami naiheshimu. Ndiyo maana hupanga foleni tangu alfajiri. Sheria yenyewe inaruhusu mpango kubadilishwa kupitia bunge la kaunti. Badilisheni. Lakini badilisheni mbele yetu, mkitueleza mnachoacha na kwa nini. Nyumba iliyofika linta haina chama. Mama mjamzito wa mwaka 2028 hatauliza nani aliweka jiwe la msingi.

Tena nchi hii ina mifano yake. Makueni baada ya 2013, chini ya gavana wa kwanza Kivutha Kibwana, iliunda kamati za maendeleo kuanzia kijijini. Vijiji vyenyewe ni zaidi ya 3,000. Mapendekezo yalipanda kutoka kijiji hadi kundi la vijiji, wadi ndogo, wadi, kaunti ndogo, mpaka kaunti, na kila ngazi ilituma watu wake waende wakayasemee mambo yao juu. Kila mradi ulikuwa na kamati yake ya wananchi, na mkandarasi hakulipwa mpaka kamati hiyo iridhike na kazi. Haya yalifanyika wakati kaunti yenyewe ikiwa katika mvutano mkali: gavana na bunge lake walifarakana, risasi zikalia kwenye majengo ya bunge la kaunti mwaka 2014, tume ikaundwa, ikapendekeza kaunti ivunjwe, na Rais Uhuru Kenyatta akakataa. Nauleta mfano huo kwa sababu ya misukosuko yake. Walioko juu waliposhindwa kukaa meza moja, kijijini watu walikuwa na mahali pa kukaa.

Isiolo nako, walipoanza mfuko wa kaunti wa kukabili mabadiliko ya tabianchi, wafugaji wa Kiborana walikuwa na dedha zao, mabaraza ya wazee yanayoamua malisho ya kiangazi na ya masika na nani anywe kisima gani kwanza. Kamati za wadi zilikaa na wazee hao, wakachora ramani za maji na malisho kwa kumbukumbu zao, na miradi ikafuata ramani. Njia hiyo ikaenda Kitui, Makueni, Wajir na Garissa, na leo kamati za wadi za mabadiliko ya tabianchi zimeenea kaunti nyingi. Nawasihi mzitumie hizo hizo badala ya kuunda kamati mpya kila kiongozi anapokuja. Kwetu tuna kamati ya maji, ya zahanati, ya basari, ya tabianchi na ya Nyumba Kumi ya ulinzi wa mtaa, na nyuso ni zile zile kumi na mbili.

Wazee wetu hukumbuka kwamba mambo haya hayakuanza na ugatuzi. Mwaka 1983 serikali ilitangaza kwamba wilaya ndiyo itakuwa kitovu cha maendeleo ya vijijini. Kamati ya wilaya ikawa chini ya mkuu wa wilaya, na wananchi wakaalikwa kusikiliza. Baadaye mabaraza ya zamani ya miji na kaunti, yale 175 yaliyomalizika 2013, yalipewa fedha kutoka serikali kuu kwa sharti la kuwauliza wakazi miradi wanayotaka. Marehemu baba yangu alihudhuria vikao hivyo. Alikuwa akiomba bwawa la bonde la chini.

Siwezi kuwatupia ninyi lawama zote nikatuacha sisi. Kuna siku vikao vyetu vimeharibika kwa mikono yetu. Mwenye sauti kubwa na ukoo mkubwa hutaka kisima kiwe kwake. Wapo wanaokuja kwa ajili ya nauli, wakishaipokea huondoka kabla ya maoni. Wanawake tukiitwa saa sita mchana tuko kisimani, kwa hiyo anayesema mahali pa kisima ni mwanamume ambaye hajawahi kubeba mtungi. Watu wenye ulemavu hawafikiwi. Mmoja wetu asiyeona amekuwa akinitumia mimi kusema maneno yake, na sipendi, kwa sababu hata mimi naweza kuyapunguza. Ndiyo maana katika daftari naandika na mabishano. Mwaka 2018 watu tisa walitaka bwawa likae juu, karibu na barabara. Majina yao yamo. Wawili kati yao leo wanasema walikosea, na wamewaeleza vijana kwa nini. Kumbukumbu ya namna hiyo inatufundisha sisi wenyewe kupanga vizuri zaidi.

Kwa hiyo, kwenu mnaomaliza muhula wenu, hasa magavana mnaofikia kikomo cha vipindi viwili: kabla hamjaondoka, undeni mabaraza ya vijiji yaliyoandikwa kwenye sheria, yashike kumbukumbu wakati ninyi mnapokabidhiana ofisi. Sheria ya 2019 kuhusu kushika wadhifa wa gavana inaweka kamati ya kusimamia makabidhiano. Kamati hiyo isikabidhi magari na majengo peke yake. Ikabidhi pia orodha ya kila mradi uliokwama, wadi kwa wadi, umefika wapi, mkandarasi anadai nini, na kijiji kiliomba nini hasa. Na orodha hiyo itolewe kwa umma siku hiyo hiyo, ili gavana mpya asiweze kusema hakukuta kitu, na wa zamani asisingiziwe.

Kwenu maafisa wa mipango, ambao mara nyingi ndio mnaobaki viongozi wakienda: vikao vya mpango wa 2028 hadi 2032 vianzie mapema 2027, kabla ya joto la kampeni, na vifanyike vijijini badala ya makao makuu ya wadi. Njooni jioni au Jumapili baada ya ibada, au Ijumaa baada ya swala. Tangazeni kwa redio za hapa. Mkija, njooni na karatasi za mara iliyopita mkononi, mtusomee kwanza, ndipo mtuulize. Yule kijana wa 2022 bado yuko kazini. Nilikutana naye sokoni akaniambia zile picha za daftari langu alizichapisha, akazitia kwenye faili ya wadi. Mtu mmoja mwenye moyo ametufanyia hivyo bila kuamriwa. Ifanyeni iwe kazi ya ofisi.

Na kwenu wawaniaji: mkifika kwetu tutawakaribisha kama tunavyowakaribisha wageni wote, na maji ya kunywa mtapewa, hata kama yametoka mbali. Lakini hatutawapa orodha ya mahitaji ili mtuahidi. Tutawaonyesha ukurasa na kuwauliza mtaufanyia nini.

Maana tumekwisha kuuanza. Huwa tunakaa Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi chini ya mkwaju ulio karibu na zahanati, wanaume na wanawake, saa kumi jioni, mitungi ikiwa imesharudi. Ukurasa wa kushoto nimeandika 2028 hadi 2032. Bwawa, bonde la chini. Wazee wanne wamekwenda na vijana wakapigilia vigingi pembeni pote, na fundi mmoja wa hapa amepima njia ya mashine kwa hatua. Nyumba ya muuguzi: kutoka linta kwenda juu, mabati, milango miwili, tangi la maji. Njia ya mifugo: wenye mashamba watano wamekubali kurudi nyuma, wawili bado tunazungumza nao.

Ukurasa wa kulia nimeupiga mistari na kuuacha wazi, nafasi ya jibu, tarehe, jina na saini ya atakayekuja kutoka kwenu.

Wenu katika kulijenga taifa,

Katibu, kamati ya maji ya kijiji